Motokaa ya Zamani: Tuitunze au Tuiuze?

Katika halmashauri ya parokia yetu, kando ya ziwa la Tshangalele, hakuna jambo lililotugawa mwaka huu kama habari ya motokaa. Hatukugombana juu ya zaka, wala juu ya mabati ya shule, wala juu ya kiwanja cha makaburi. Tuligombana juu ya Land Cruiser moja, iliyokuwa nyeupe zamani na sasa ina rangi ya udongo, ambayo watu wote wa kando ya ziwa huiita Kambo, yaani babu. Wengine walisema iuzwe kabla ya mvua. Wengine walisema anayetaka kumwuza Kambo na amwuze kwanza babu yake mwenyewe. Twaandika habari hii kwa sababu twajua kwamba parokia nyingi, na jamaa nyingi pia, zina mzee wa namna hii chini ya mwembe, na zashindwa kusema wazi anagharimu nini.

Asiyefika kwetu yafaa ajue kwanza mahali penyewe. Ziwa hili si la kale. Wakati wa Wabelgiji kampuni ya migodi ilijenga ukuta wa kuzuia maji katika mto Lufira, huko Mwadingusha, penye maporomoko yaliyoitwa Cornet. Mwaka 1930 mitambo ya umeme ikaanza kufanya kazi, na maji ya mto yakaenea juu ya mbuga yakawa ziwa. Maji yake si ya kina kirefu. Kwa hiyo ukingo wake si mstari. Ni matope na mafunjo, leo hapa, kesho kule, kadiri mvua inavyonyesha. Barabara kubwa ya lami itokayo Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi haiko mbali sana, lakini kuifikia ni kazi. Wakati wa kiangazi twala vumbi jekundu, na njia ina matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia nguo, yanayotikisa kila skrubu mpaka ilegee. Toka Novemba hata Aprili vumbi lile lile lageuka utelezi. Na ukifika kwenye lami wakutana na malori ya shaba na ya asidi, moja nyuma ya moja, nayo hayampi mtu nafasi. Motokaa ndogo ya mjini haiwezi kitu kwetu.

Kambo ni Land Cruiser ya mwaka 1994, yenye injini ya mazutu ya silinda sita. Alitufikia mwaka 2003, amekwisha kutumiwa na wengine. Saa yake ya kuhesabu kilometa ilisimama zamani penye 412,000. Tangu hapo twahesabu kwa daftari. Amebeba magunia ya mahindi na vikapu vya samaki wabichi, saruji ya shule, watoto wa Komunyo ya kwanza wakiimba, wagonjwa wengi, na maiti kadhaa zilizorudishwa kwao kutoka hospitali. Kuna vijana katika parokia yetu waliozaliwa njiani, ndani ya Kambo, na mmoja wao amebatizwa jina la Kristofori kwa sababu hiyo. Basi msituone wajinga mkisikia kwamba watu wazima walilia machozi katika mkutano kwa ajili ya chuma.

Sababu ya kumpenda si ukumbusho tu. Injini yake ni ya namna ya zamani. Mazutu yasukumwa na pampu ya chuma, si kwa akili ya umeme. Hakuna kompyuta. Kambo akiugua, fundi asikiliza, anusa moshi, aweka kidole juu ya bomba, na mara nyingi ajua. Fundi wetu alijifunza kazi katika karakana za Gécamines, na mwaka 2003, wafanyakazi maelfu walipoacha kazi huko kwa kulipwa malipo ya kuondokea, alifungua karakana yake mwenyewe mjini Likasi, yenye ukuta mmoja na paa nusu. Mwaka jana mfanyabiashara mmoja wa samaki alinunua motokaa mpya, nzuri kweli, yenye viti vya ngozi. Taa ndogo ya manjano ikawaka mbele yake, motokaa ikakataa kwenda mbio. Ilikaa siku tisa hata alipokuja kijana na chombo cha kuisoma kutoka Lubumbashi. Kosa lilikuwa kijidude kidogo kama kifungo cha shati. Twasema haya si kwa kumcheka, maana samaki wake waliooza siku ile walikuwa wa wavuvi wetu.

Tena kuna habari ya vipuri. Wazee wakumbuka Land Rover za mapadre wa kwanza. Motokaa ile ilionyeshwa watu mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948, na mwili wake ulifanywa kwa aluminiamu, maana baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza. Ilifanya kazi kubwa Afrika. Lakini Land Rover ya mwisho ya ukoo ule wa kale ilitoka kiwandani Solihull Januari 2016, na kwetu mwenye Land Rover ya zamani huenda akatafuta kipuri mwezi mzima. Ukoo wa Kambo ulianza mwaka 1984, na hata leo bado watengenezwa, na vipuri vyake vingi vyapatikana Likasi, au Lubumbashi, au vyaletwa kutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa. Shida ni kwamba vyapatikana vya namna mbili, vya kweli na vya bandia, katika sanduku lenye maandishi yale yale. Nozeli za bandia tulizonunuliwa mara moja kwa bei ya chini zilidumu wiki sita. Mtu akisema kwamba motokaa ya zamani ni rahisi kutunza kwa sababu vipuri ni tele, mwulizeni ni vipuri gani.

Mwezi wa Juni tulimpeleka Kambo kwa fundi, tukamwambia: Baba, usitutengenezee kitu. Tuambie ukweli tu. Alikaa chini yake nusu siku. Alipotoka alisema injini ina miaka mingi bado, mradi tusisahau kubadili ule ukanda unaozungusha vali, maana ukikatika siku moja tu injini yote yaharibika. Sanduku la gia lalia kidogo, si neno. Springi za nyuma zimechoka. Kisha akatuita tuiname. Akaangaza taa kwenye shasi, yaani kiunzi cha chini kinachobeba vyote, penye mkono wa springi upande wa kushoto. Pale palikuwa na ufa uliochomelewa mwaka juzi, na kando yake ufa mpya, mwembamba kama unywele. Akasema: “Injini naweza kufungua na kufunga mara kumi. Huu ni mgongo wake. Nitauchomelea. Nitauchomelea na mara nyingine. Ya tatu msiniletee.”

Ndipo tukafungua daftari. Twaeleza hesabu yetu wazi, labda itawafaa wengine. Katika miezi 12 Kambo alikwenda kilometa 11,200. Alikunywa mazutu lita 1,680, yaani lita 15 kwa kila kilometa 100. Wale waliotaka auzwe walianza kwa kuonyesha mazutu haya, nao walikuwa wamekosea njia, maana motokaa nyingine yenye nguvu hiyo, katika matope hayo, ingekunywa karibu sawa. Kitu kilicho sawa pande zote mbili hufutwa. Tukafuta mazutu.

Matengenezo yote ya mwaka yalikuwa dola 2,900. Mipira minne ya magurudumu 720, springi 260, klachi 380, pampu na nozeli 540, batiri mbili 240, kuchomelea shasi 150, na vitu vidogo vidogo, oili, vichujio, breki, beringi, 610. Lakini hata motokaa mpya yavaa mipira, yanywa oili. Tulipotoa mipira, na dola 350 za oili na vichujio, zilibaki dola 1,830. Hizo ndizo gharama za uzee. Miaka miwili nyuma zilikuwa 1,150, mwaka uliofuata 1,400. Kila mtu aliona ngazi inavyopanda.

Upande wa pili: tuliambiwa kwamba Land Cruiser iliyotumika kidogo, yenye nguvu ya kutosha, yaweza kupatikana kwa dola 27,000. Mfanyabiashara mmoja alikuwa tayari kumchukua Kambo kwa 9,000, nasi tulishangaa kwamba mzee yule bado ana bei hiyo. Basi twapaswa kuongeza 18,000. Tukizigawanya kwa miaka 10 ni dola 1,800 kwa mwaka, na motokaa ile nayo ingetaka matengenezo yake, tuseme 600. Jumla 2,400. Hapo wapenzi wa Kambo walipiga makofi: 1,830 na 2,400, nani asiyejua ipi ni ndogo?

Mtunza fedha wetu, mama mmoja mpole anayeuza kambale waliokaushwa, akangoja wanyamaze. Akauliza: siku Kambo alipokuwa kwa fundi, mahindi yalitembea kwa miguu? Kweli, mwaka ule alikaa kwa fundi siku 41. Katika siku zile tulikodi motokaa za watu mara 14, kwa dola 60 kila mara. Ndizo dola 840. Tukiziongeza juu ya 1,830 twapata 2,670. Makofi yalikwisha. Kwa dola 270 Kambo alikuwa ghali kuliko mwenzake mpya, na gharama zake zapanda.

Mara nyingi watu hukosea hapa, pande zote mbili. Anayeipenda motokaa yake huhesabu fundi tu, asihesabu siku. Anayetamani mpya huhesabu fundi na siku, lakini asema “dola 1,800 kwa mwaka” kana kwamba muuzaji atangoja miaka 10. Muuzaji hangoji. Ataka 18,000 mkononi, na sisi hatuna. Kukopa ni kuongeza riba juu yake, na mavuno ya mahindi hayasomi barua ya benki.

Katika daftari hakuna mstari wa usiku ule wa Februari. Mama mjamzito aliletwa kwa mtumbwi kutoka kambi ya wavuvi, uchungu umemshika tangu asubuhi. Dereva alimwasha Kambo, naye akawaka mara moja, kama kawaida yake. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Baada ya kilometa 14, katika kupanda kutoka matopeni, klachi ikaungua. Wanaume walisukuma, motokaa ya tani mbili na zaidi haisukumwi mlimani katika utelezi. Ilichukua saa tatu kumpata kijana mwenye pikipiki. Mama alikwenda amekaa katikati, mbele dereva wa pikipiki, nyuma dada yake akimshika. Mama alipona. Mtoto alizaliwa amekufa. Daktari alisema hawezi kujua kama saa zile tatu zingalimwokoa. Baba wa mtoto yumo katika halmashauri yetu. Katika mikutano yote hakusema neno juu ya Kambo, la kumtetea wala la kumshtaki, na hakuna mtu aliyethubutu kumwuliza.

Mwalimu wetu wa dini alileta mfano wa Mwadingusha. Alisema: tazameni mitambo ile ya mwaka 1930. Iliharibika sana, umeme ukapungua, lakini hawakuubomoa ukuta wala kuliacha jengo. Walitoa mashine za ndani wakatia nyingine, na mwaka 2021 mitambo yote sita ikawa yafanya kazi tena, megawati 78. Kwa nini sisi tusifanye hivyo? Tutie shasi nyingine, tutie gia nyingine, Kambo awe mpya. Ni mfano mzuri, nasi tuliupenda. Lakini kijana mmoja fundi seremala alijibu kwa heshima: “Yaya, penye Mwadingusha ukuta ulikuwa mzima, ndani ndimo mlimooza. Kambo ndani ni mzima, ukuta ndio umepasuka. Tena nyuma ya mitambo ile kuna kampuni za shaba. Nyuma yetu kuna kikapu cha Jumapili.” Tulicheka sote, hata Mwalimu.

Wengine walisema tuwaandikie wafadhili. Si aibu. Wasomaji wengine labda wajua habari za Padre Paul Schulte, Mjerumani wa shirika la Oblati. Rafiki yake, Padre Otto Fuhrmann, alifariki mwaka 1925 kule Kusini-Magharibi ya Afrika, nchi iitwayo sasa Namibia, akiwa bado kijana; aliugua mbali, na safari ya gari la ng'ombe ilikuwa ya siku nyingi mno. Kwa sababu hiyo Padre Schulte alianzisha mwaka 1927 chama kiitwacho MIVA, cha kuwapatia wamisionari vyombo vya kusafiria. Tulipoisoma habari hii mkutanoni watu walinyamaza, maana ilifanana na ya kwetu. Na huko Austria, chama cha namna hiyo hukusanya fedha kila mwaka karibu na sikukuu ya Mtakatifu Kristofori mwezi wa Julai: mwenye motokaa aombwa kutoa sehemu ya kumi ya senti kwa kila kilometa aliyokwenda pasipo ajali. Jambo hilo dogo lilitushika kuliko habari ya ndege na motokaa zilizotolewa. Mtu ahesabu njia aliyosafirishwa salama, ailipie. Sisi tumebebwa na Kambo miaka 20 na zaidi, na kwa kila kilometa hatukuweka kitu.

Nadhani hapo ndipo shauri lilipogeuka. Tuliacha kuuliza “tumtunze au tumwuze,” tukauliza kila kazi yake moja moja. Mahindi yaweza kungoja siku mbili. Saruji yaweza kungoja. Samaki wabichi hawangoji, lakini wenye samaki sasa wana pikipiki zao. Asiyengoja kabisa ni mgonjwa. Tukaona kwamba motokaa mpya ya dola 27,000 ilikuwa ikitakiwa kwa ajili ya kazi moja tu kati ya kazi zake zote, nayo ni kazi ambayo motokaa kubwa haiifanyi vema usiku wa mvua, hata ikiwa mpya. Fundi alitueleza kwa maneno mepesi: pikipiki yenye kigari cha kulalia ikikwama, wanaume wanne wainyanyua pamoja na mgonjwa. Kambo akikwama, wanne waweza kumsindikiza tu kwa sala.

Basi tulikata shauri hivi. Kambo habebi tena mwenye uchungu wakati wa mvua, isipokuwa hakuna njia nyingine. Parokia itanunua pikipiki yenye kigari cha mgonjwa, na tayari nusu ya fedha yake imepatikana kwa mavuno ya mwaka huu. Atakayeitunza ni yule baba wa mtoto. Aliomba mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema.

Kambo abaki kwa mizigo, kwa safari za Misa katika vijiji, na kwa kiangazi. Shasi ichomelewe mara hii na springi zibadilishwe, maana springi iliyochoka ndiyo inayoupiga mgongo. Ufa wa tatu ukitokea, auzwe wiki ile ile kwa bei yoyote, na yeyote atakayesimama kumtetea asisikilizwe, hata akiwa padre. Neno hili la mwisho liliandikwa kwa ombi la padre mwenyewe.

Tena tumeweka sanduku. Kwa kila kilometa Kambo aendayo, anayemtumia hutoa, juu ya mazutu, thamani ya senti 16 za dola, kwa falanga. Kwa kilometa 11,200 ni karibu dola 1,800 kwa mwaka, yaani ile ile tuliyoikataa kwa sababu hatukuwa nayo. Wapo walionung'unika kwamba kwa njia hii 18,000 zitatimia baada ya miaka 10, na Kambo hafiki huko. Ni kweli. Lakini baada ya miaka mitano tutakuwa na nusu, na mwenye nusu mkononi aandika barua kwa wafadhili kwa mkono usiotetemeka.

Safari ya kwanza iliyolipiwa ilikuwa ya kwenda Kapolowe na kurudi, kilometa 62. Hesabu ilitoka dola 9 na senti 92. Dereva alitaka kuweka 10 ili iwe rahisi kuandika. Mtunza fedha alikataa, akaandika 9.92, akamrudishia falanga zilizozidi, akafunga daftari, akarudi kwa kambale wake.